Kifungo cha Kwanza, Tundu la Pili

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mapema asije mtu akaniwahi. Wapo waliotaka kunipunguzia mzigo: wengine walisema ujinga ni wa hospitali, wengine walisema ni wa binti yangu na daftari lake. Hapana. Ulikuwa wangu. Niliupima mwenyewe, nikaukata, nikaushona, na mishono yake ilikuwa imenyooka. Bahati mbaya nguo yenyewe nilimvika mke wangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango wazi, sare za shule zikining'inia ukutani kama watoto wasio na vichwa. Shule niliiacha darasa la sita, na Kiingereza changu kilikuwa cha lebo za nguo: fua kwa maji baridi, usipige pasi. Ukinitoa hapo, nilijua salamu, jina langu ni nani, na mimi ni nani.

Zamani niliwahi kushona kiwandani. Asubuhi moja meneja alikuja akasimama kwenye cherehani yangu, akaniwekea mkono begani, akasema maneno marefu ya Kiingereza kwa sauti ya upole kabisa. Nikajua nasifiwa. Nikamshukuru, nikainamisha kichwa, na kesho yake nikafika kazini kabla ya wote. Mlinzi wa getini ndiye aliyenieleza kwamba nilikuwa nimefukuzwa. Kisa hicho huwasimulia wateja wangu, nao hucheka, na mimi huwa wa kwanza kucheka. Ila tangu siku hiyo, neno la Kiingereza nisilolijua likipita karibu yangu, nageuka kama mtu aliyesikia nyayo nyuma yake.

Ndiyo maana binti yetu alipofika kidato cha tatu na kupewa riwaya ya Kiingereza, riwaya ile tuliisoma wawili. Yeye nilimwita Profesa tangu akiwa na meno ya utoto, na jina likamganda hata mtaani. Akirudi shule alikaa kwenye kiti cha wateja, akasoma kwa sauti, akanitafsiria, na mimi nikiendesha cherehani polepole nisipitwe. Kilikuwa kisa cha karani wa posta aliyesingiziwa kuficha barua za watu. Maneno magumu Profesa aliyaandika kwenye daftari kubwa: ukurasa wa kushoto maneno yenyewe, ukurasa wa kulia maana zake. Kila jioni nilijifunza matano. Kesho yake niliyatumia kazini. Mteja aliyekuja kuchukua suruali baada ya miezi minne nilimwita "reluctant", yaani mwenye kusitasita, akanishukuru. Nikajiona.

Katika riwaya ile kuna sura ya kesi. Karani anamwandikia hakimu barua ya maneno mazito, neno juu ya neno, hata hakimu anavua miwani, anajifuta macho, anamwachia huru. Siku Profesa aliposoma sura hiyo nilisimamisha cherehani kabisa. Profesa akaniambia mwalimu wao anasema hiyo ndiyo sura dhaifu kuliko zote, kwamba mahakimu hawako hivyo. Nikamwambia mwalimu wake hajawahi kushtakiwa.

Sasa mke wangu. Mke wangu ni mfuaji wa hospitali. Miaka kumi na mmoja amefua mashuka ya wodi na magauni ya chumba cha upasuaji, damu kwanza kwa maji baridi, kisha sabuni, kisha mashine. Si mtu wa maneno. Nikimtania hunitazama mpaka utani wenyewe uone haya. Mikono yake imepasuka kwa dawa za kufulia, na kila jioni huipaka mafuta akiwa amekaa karibu na taa yangu ya kushonea, kwa sababu anasema taa ya ndani ni ya watu wavivu.

Wiki ile ambayo Profesa alikwenda na wenzake kambi ya masomo kwenye shule nyingine, mashine ya kukaushia ya hospitali iliungua. Magauni ya upasuaji ishirini yakawa mkaa, na upasuaji wa siku mbili ukaahirishwa. Mke wangu alikuwa amemaliza zamu mchana, akaizima, akatundika ufunguo wake mahali pake. Alipokuwa anabadili nguo akaona moshi. Alirudi mbio, akakata umeme, akafunika mashine kwa mablanketi yaliyoloa. Aliyekuwa ameiwasha tena ni msimamizi wa zamu: alisukumia humo mzigo wa mwisho, simu yake ikalia, akatoka nje kuongea. Lakini wa kwanza kukutwa penye moshi alikuwa mke wangu, na msimamizi ndiye aliyeandika ripoti.

Ikaja barua ya Kiingereza. Atoe maelezo kwa maandishi ndani ya siku tatu, kwa nini asiachishwe kazi.

Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, nikachukua kalamu. Akanieleza atakacho kiandikwe, na akakieleza kama anavyokunja shuka, pembe kwa pembe. Nilizima. Nikatundika ufunguo. Nikaona moshi, nikarudi. Muulizeni msimamizi ufunguo aliuchukua saa ngapi. Basi.

Nikamwambia hayo ni maneno ya gengeni. Wakubwa wamemwandikia Kiingereza, nao wajibiwe Kiingereza, tena kile cha kuvulisha miwani. Dawa ya moto ni moto.

"Moto nimeuona juzi, Baba Profesa," akasema. "Dawa yake ilikuwa blanketi bichi."

Ningekuwa na masikio, hadithi ingeishia hapo. Akasema pia tumngoje mtoto arudi. Nikahesabu vidole: mtoto anarudi Jumamosi, barua inatakiwa Alhamisi. Na kwa kweli nisiwafiche, hata kama angerudi siku hiyohiyo ningemtuma dukani. Nilikuwa nimengoja tangu kiwandani siku ambayo Kiingereza kingetoka mdomoni mwangu kwenda kwa wakubwa, badala ya kutoka kwao kuja kichwani kwangu.

Profesa alikuwa ameacha daftari ili nijisomee. Alipokuwa anafunga begi alinionya: nisome kurasa za mwanzo tu, ukurasa wa sura ya kesi nisiuguse, aliuandika mbio huku mwalimu akifuta ubao. Lakini maneno niliyoyataka yalikuwa huko. Kwingine kote mlikuwa na hali ya hewa na samani za posta.

Nikalifungua daftari, nikalilaza juu ya meza ya kukatia, nikaweka rula yangu ya mbao kutoka ukurasa wa kushoto hadi wa kulia, kama ninavyofanya kitambaa kisiende upande. Nilisoma kwa kunyoosha rula. Nikitaka "mwangalifu", natafuta maana kulia, nafuata rula kwenda kushoto, nakuta neno. Mwangalifu: "negligent". Mwenye bidii: "deceitful". Hili la pili lilinipendeza sana, kwa sababu mwisho wake nilisikia ile sauti ya kujaa, "full", na chupa ikijaa huitwa vivyo hivyo. Aliyejaa bidii, nikajisemea, limekaa vizuri. Asiye na lawama: "culprit". Kwa msimamizi nilitafuta mzembe nikakuta "diligent", nikatafuta mdanganyifu nikakuta "blameless".

Palikuwa na neno moja lililonishangaza. "Vigilant", na mbele yake kwenye rula pameandikwa: hili jema, hili baya. Basi. Mtu mwenye akili angekwama hapo. Mimi nikatikisa kichwa kwa heshima, nikasema lugha za wenyewe bwana, neno moja linabeba jema na baya kama mtu na pacha wake.

Nikaandika. Nikaandika tena kwa mwandiko safi. Nikamsomea mke wangu kwa sauti ya hakimu, naye akasikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Inasema niliyoyasema?" akauliza.

"Inasema zaidi."

Akatia saini. Anatia saini polepole, herufi moja moja, kama anayeshona kifungo.

Ijumaa saa nne asubuhi nilimwona akirudi. Saa nne si saa yake. Alikuwa amebeba mfuko, na ndani ya mfuko aproni yake ya kazi imekunjwa. Akapita katikati ya sare zangu bila kuzigusa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia afisa utumishi amemwita, akamwonyesha barua, akamwambia kwa kuwa umekiri mwenyewe, unasimamishwa kazi mpaka kamati ikae, na kamati itakaa baada ya siku tisa, na ajiandae.

"Nimekiri nini?" akaniuliza.

Nikasema hukukiri kitu. Nikasema pengine Kiingereza chao ni kidogo. Nikasema mambo mengi. Nilisema wameona barua kali wakaogopa, nikasema wanatutisha, nikataja hata yule karani wa posta, kwamba naye mwanzoni walimtisha. Mke wangu aliniacha niongee mpaka uzi wangu ukaisha. Kisha akaniambia kwamba pale koridoni wenzake walikuwa wakimpisha, wakitazama sakafu, na msimamizi amemshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia Mungu ambariki, yeye hajawahi kusifiwa vile hata na mama yake mzazi.

 Kwa sifa zile nilizompa mimi, msimamizi hakuwa na sababu ya kumshika mtu mkono.

Tangu Ijumaa ile mke wangu akawa hasemi nami. Alisema na cherehani. Alikuja mlangoni, akaitazama cherehani, akasema, mwambie mwenyewe chakula kipo mezani. Mwambie mwenyewe sabuni imekwisha. Mimi nikajaribu mzaha, nikaijibu kwa niaba ya cherehani, kwamba mwenyewe amesikia na anaomba msamaha. Hakucheka. Alikaa karibu na taa akiokota nyuzi sakafuni, uzi mmoja mmoja, mikono ile isiyozoea kukaa bure. Siku ya pili nikaona hajaipaka mafuta.

Jumamosi Profesa akarudi, begi mgongoni, amejaa habari za kambi. Nilikuwa nimebaki na nakala ya barua, ile ya kwanza yenye mikato. Nikampa. Bado nilikuwa na kipande cha matumaini kwamba atasoma, atanipa mkono, kisha tutakwenda kuwafundisha hospitali Kiingereza.

Akaisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa. Uso wake ukafanya nilivyouona ukifanya alipokuwa mdogo, siku alipofunga mlango ukabana vidole vya mama yake.

"Mama alitia saini?"

Nikamwambia alitia.

"Baba, ulisoma ukurasa gani?"

Akafungua daftari. Akachukua rula yangu ileile, akailaza ilipokuwa nimeilaza, kisha akaanza kunionyesha kwa ncha ya kalamu. Neno la pili kwenye orodha lilikuwa "conscience". Maana yake ilikuwa ndefu, haikutosha mstari mmoja. Mstari wa kwanza: dhamiri, sauti ya moyoni inayomwambia mtu. Mstari wa pili: hili jema, hili baya. Tangu hapo kila maana ikasukumwa chini mstari mmoja, na maneno yenyewe yakabaki mahali pake. Yeye alijua, kichwani mwake alikuwa akisoma kwa mshazari. Rula yangu ilisoma kwa kunyooka.

Nikaona. Na hapo ndipo ujinga unaponiuma mpaka leo, maana jambo lenyewe ni la ufundi wangu. Ukitia kifungo cha kwanza kwenye tundu la pili, vyote vinavyofuata vinaingia, tena vinaingia vizuri kabisa, hakuna kinachokataa. Utajua tu ukifika chini, ambapo kuna kifungo kisicho na tundu, na juu limebaki tundu tupu, na upande mmoja wa shati unaning'inia. Nimewacheka watoto wa shule kwa kosa hilo miaka ishirini. Na mimi nilikuwa nimeliona tundu langu tupu, lile la jema na baya, nikaliinamia kwa heshima.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Akamwambia Profesa, si mimi, asome barua kwa Kiswahili, kama ilivyo, asiruke.

Profesa akasoma. Mimi ni mwanamke mzembe. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mdanganyifu katika kazi yangu, na wenzangu wote ni mashahidi. Katika jambo hili la mashine, mhalifu ni mimi. Aliyeiwasha ni mtu mwenye bidii na asiye na lawama, na naomba ofisi imtendee kama anavyostahili. Mimi nami naomba nitendewe kama wanavyotendewa wahalifu wote.

Barabarani mtu alipita na toroli, likalia gurudumu mpaka likapotelea mbali.

"Wahalifu wote," mke wangu akarudia. Alikwenda kwenye beseni, akanawa mikono iliyokuwa safi, akajifuta. "Kumbe koridoni walikuwa wanampisha mhalifu."

Nikasimama. Nikasema nitaandika nyingine sasa hivi, Profesa ataikagua, tutafafanua kila kitu, nitaeleza habari ya daftari na ya dhamiri. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Mke wangu akaja, akainyofoa mkononi mwangu kama anavyomnyang'anya mtoto mkasi. Akachana karatasi nyuma ya daftari, akaandika mwenyewe kwa Kiswahili, mistari mitatu. Naomba kusikilizwa. Barua ya kwanza haikusema niliyoyasema. Nitakuja na aliyeiandika. Hakuipeleka kwa afisa utumishi. Aliipeleka kwa matroni, ambaye mashuka yake ndiyo aliyoyafua.

Siku ya kamati nilivaa shati langu zuri. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi, mke wangu, mimi, na daftari. Nilitaka kumwambia jambo la kumtia moyo, na kila nililolipata lilikuwa mzaha, kwa hiyo nikakaa kimya, na ukimya ukanitesa kama kiatu kipya. Nikamtazama pembeni. Alikuwa amevaa aproni ya kazi, safi, imepigwa pasi, ingawa alikuwa amesimamishwa na hakutakiwa kuivaa. Nikamwuliza ikiwa ataruhusiwa. Akaiambia benchi kwamba mtu akienda kuzungumzia kazi yake huvaa nguo za kazi yake.

Ndani walikuwa watatu. Matroni, mama mdogo wa umbo, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Afisa utumishi, mwenye faili. Na msimamizi wa zamu, kola imenyooka, ambaye aliponiona alinipungia kichwa kwa ukarimu, kama mtu anayemshukuru mshairi wake.

Matroni akataka kwanza aambiwe kilichotokea. Mke wangu akasema: nilizima, nikatundika ufunguo, nikaona moshi, nikarudi, muulizeni msimamizi ufunguo aliuchukua saa ngapi. Pembe kwa pembe. Nikakumbuka jinsi nilivyoyaita maneno hayo, nikatazama viatu vyangu.

Kisha ikawa zamu yangu. Niliwaeleza habari ya riwaya, ya rula, ya maana iliyochukua mistari miwili. Nikaona hawanielewi. Afisa akaanza kufunga faili. Basi nikafanya nilichojua. Nikafungua vifungo vya shati langu vyote, mbele yao, singlendi nje, nikaanza kuvifunga upya: cha kwanza tundu la pili, cha pili tundu la tatu, mpaka chini. Nikasimama hivyo, kola imepanda sikioni, upande mmoja unaning'inia. Nikaliweka daftari mbele ya matroni, nikaweka kidole kwenye neno la pili.

Matroni akavaa miwani. Akasoma kushoto, akasoma kulia, akatazama shati langu, akasoma tena. Midomo yake ikabana. Hakuivua miwani na hakufuta machozi, mwalimu wa Profesa alisema kweli. Lakini akaichukua ile barua yangu, na safari hii akaisoma kama rula yangu ilivyosoma, kila neno na maana iliyo mbele yake, kwa sauti, na maneno yakawa: mimi ni mwanamke mwangalifu. Kwa miaka kumi na mmoja nimejaa bidii. Na alipofika kwa aliyewasha mashine, akasoma mzembe, akasoma mdanganyifu, bila kuinua macho. Msimamizi akaacha kunipungia kichwa.

Afisa utumishi hakutikisika. Akasema hayo ya vifungo ni mazuri kwa watoto. Yeye anashughulika na karatasi. Daftari ni la nyumbani kwao, wangeweza kuliandika jana. Barua hii ni ya mfanyakazi, ina saini yake, na saini ni saini.

"Mama," akamgeukia mke wangu, "saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliielewa barua kabla hujaitia saini?"

"Sikuielewa."

Akafungua viganja vyake kwa matroni, kama mtu aliyemaliza kazi. Akasema ofisi haiwezi kuendeshwa hivyo. Mtu mzima mwenye akili zake hatii saini kitu asichokielewa, na akitia, asije kulia baadaye. Nikataka kuingilia kati, kusema kosa ni langu, kwamba aliniamini mimi, na kuaminiwa na mke si kesi ya hospitali. Mke wangu akanigusa goti kwa kidole kimoja. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu Ijumaa ile. Nikamwachia yeye.

Matroni akaweka kalamu chini. Akasema habari ya daftari yeye ameiridhia, lakini la saini afisa ana haki ya kuliuliza, nalo ndilo lililobaki. Mama akilijibu likajibika, barua hii itawekwa kando kama vile haikuandikwa, na swali litakalofuata litakwenda kwa msimamizi, juu ya ufunguo. Asipolijibu, barua itasimama kama ilivyo.

 Feni ilikuwa inazunguka na kila mzunguko iliinua karatasi za lile faili, ikazishusha. Lilikuwa limefunguka mwanzoni kabisa, kwenye karatasi ya zamani iliyogeuka rangi, na chini yake niliiona saini: herufi moja moja, kama vifungo. Mke wangu alikuwa ameiona kabla yangu. Mimi wakati huo nilikuwa nahesabu ni nguo ngapi nitalazimika kushona kwa siku, na nilishajua kwamba hazitatosha, na kwamba hata zikitosha hazitamrudishia wenzake wa koridoni.

Afisa akarudia swali, polepole, kama unavyomsemesha kiziwi. Kwa nini alitia saini kitu asichokielewa?

Mke wangu akanyoosha mkono wake uliopasuka juu ya meza, akaweka kidole kwenye ile karatasi ya zamani.

"Mkubwa, hii mliyoniajiria nayo ni ya Kiingereza, sikuielewa hata mstari, mkanionyesha pa kutia saini nikatia, na nimewafulia damu miaka kumi na mmoja. Mbona hii hamjaniuliza?"